Kivuli cha Sadaka

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeliumba jua na kivuli, akaufanya mchana wa kutafutia maisha na usiku wa kupumzikia. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake, na kila mwenye kuwafuata kwa wema mpaka siku ya mwisho. Ama baada ya haya:

Katika Sura ya Nahli Mwenyezi Mungu amewahesabia waja wake neema zake, na miongoni mwa hizo amevitaja vivuli alivyowafanyia kutokana na vitu alivyoviumba, na maficho katika milima, na nguo za kuwakinga na joto. Watu wengi huisoma aya hii wala hawasimami juu yake. Mtu wa pwani akitoka shambani adhuhuri huketi chini ya mwembe, akafuta jasho, akanywa maji ya dafu, kisha akainuka bila ya kukumbuka kwamba kile kivuli alichokikalia ni neema iliyotajwa katika Kitabu. Walakini wako watu ambao kwao kivuli si raha tu, bali ni uhai wenyewe.

Hao ni watu wenye ualbino. Wamezaliwa ngozi zao hazina, au zina kidogo mno, ile rangi ambayo Mwenyezi Mungu ameifanya kuwa ngao ya ngozi mbele ya jua. Jambo hili hutoka kwa wazazi wawili pamoja. Baba amebeba asili yake na mama vivyo hivyo, na huenda wote wawili wakawa weusi wala wasijue kwamba wamebeba kitu, hata azaliwe mtoto. Kwa hivyo mwanamume anayemtaliki mkewe kwa kumzalia mtoto mweupe, au akamtuhumu kwa uchafu, amemdhulumu dhuluma kubwa, kwani nusu ya asili hiyo imetoka mgongoni mwake yeye. Bukhari amepokea kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akilalamika kuwa mkewe amezaa mtoto ambaye rangi yake si kama ya baba yake. Mtume akamwuliza khabari ya ngamia wake, rangi zao ni zipi. Akajibu kuwa ni wekundu. Akamwuliza kama hakuna miongoni mwao wa rangi ya kijivu. Akasema wako. Akamwuliza hao wametoka wapi. Bedui akasema labda ni asili ya zamani iliyowavuta. Mtume akamwambia kwamba na mwanawe huenda asili imemvuta vivyo hivyo. Basi jawabu la watu wa pwani lilikwisha kutolewa Madina zaidi ya miaka 1,300 iliyopita.

Katika Tanzania hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika kila watu 1,400 huzaliwa na hali hii, na huko Ulaya na Amerika ya Kaskazini hukadiriwa ni mmoja katika watu 17,000 mpaka 20,000. Yaani nchi hizi, zilizo karibu na mstari wa ikweta, ambako jua ni kali, ndizo zenye watu wengi wasio na ngao ya jua. Mtoto wao hupelekwa chuoni pamoja na wenziwe. Huketi barazani kwa mwalimu, jua la saa nne likamfikia shingoni na miguuni, na kwa kuwa macho yake pia ni dhaifu hazioni vyema herufi ubaoni, akadhaniwa kuwa ni mzito wa kusoma. Mchana hucheza uwanjani kichwa wazi. Akiwa kijana hukosa kazi ya ndani, akaenda kuvua, au kutembeza samaki, au kulima. Ngozi huwa nyekundu, ikababuka, ikapona, ikababuka tena. Miaka ikipita hutokea gamba sikioni, au kidonda mdomoni au shingoni, kisichopona. Wengine husema ni jipu, na wengine husema ni jicho la hasidi, akapakwa majani. Miezi hupita. Siku atakapofikishwa Ocean Road, Dar es Salaam, kwenye taasisi ya saratani, kidonda ambacho mwanzoni kingaliweza kukatwa upesi na mtu akarejea kwao, kimekwisha kula mpaka mfupa.

Hiyo ndiyo saratani ya ngozi. Umoja wa Mataifa umeeleza kwamba katika baadhi ya nchi walio wengi wa watu wenye ualbino hufa kwa maradhi haya kati ya umri wa miaka 30 na 40. Wale waliouawa kwa ushirikina, na wachawi waliowahadaa watu kwamba viungo vyao ni utajiri, dunia iliwalilia, na ni haki kuwalilia. Lakini wanaouawa na jua ni wengi, na vilio vyao haviendi mbali na nyumba walimofia.

Wala mtu mweusi asidhani kwamba maradhi haya hayamhusu. Iko saratani ya ngozi isiyotokana na jua, ambayo huwatokea weusi katika nyayo, na vitanga vya mikono, na chini ya kucha. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaica aliyejulikana dunia nzima, ilimwanzia kwenye kidole cha mguu, akafa kwayo mwaka 1981 hali ana miaka 36. Mwenye kwenda pekupeku na akaona doa jeusi linalokua unyayoni, au kidonda kisichopona, na amwonyeshe tabibu.

Na kinga ya jua si siri wala si ya wafalme. Ni kofia ya ukingo mpana, na nguo ya mikono mirefu, na miwani ya jua, na mafuta ya kukinga jua, na kuchunguzwa ngozi mara kwa mara na ajuaye. Kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, watu walianzisha kazi ya kutengeneza mafuta yaitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino khasa. Basi kwa wengi wao, umbali uliopo kati ya kufa kijana na kuwaona wajukuu ni kofia moja, na chupa ya mafuta, na nauli ya kumfikia tabibu. Mwenyezi Mungu amesema katika Sura ya Maida kuwa mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Na vitu hivi vyataka fedha.

Hapa ndipo mtu masikini anapoinamisha kichwa, akasema kwamba fedha ni za matajiri, na yeye hana illa mikono na miguu. Maneno haya ni ya kweli kwa nusu. Kweli yake ni kwamba hana fedha. Makosa yake ni kudhani kwamba asiye na fedha hana sadaka.

Imepokewa kwa Abu Musa (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alisema sadaka ni juu ya kila Mwislamu. Masahaba wakamwuliza hali ya asiye na kitu. Akawajibu kuwa na afanye kazi kwa mikono yake, ajinufaishe nafsi yake, kisha atoe sadaka. Tena imepokewa kwamba kila kiungo cha mwanadamu kina sadaka juu yake kila siku jua linapochomoza, na miongoni mwa sadaka hizo ni kumsaidia mtu kupanda mnyama wake au kumpakilia mzigo wake. Basi yatazamwe maneno haya vizuri: viungo vyenyewe vina deni, na deni hilo hulipwa kwa viungo.

Na masahaba hawakuyasikia maneno haya wakanyamaza. Abu Masud (R.A.) ameeleza kwamba ilipoamrishwa sadaka, walikuwa wakijitia uchukuzi, wakibeba mizigo ya watu migongoni mwao kwa ujira, ili wapate cha kutoa. Abu Akili akaja na nusu pishi ya tende, na mwingine akaja na mali nyingi. Wanafiki wakaanza kusengenya. Huyu wa kidogo wakamwambia kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na sadaka yake, na yule wa nyingi wakasema kuwa hakutoa illa kwa kujionyesha. Ndipo ilipoteremka aya katika Sura ya Tauba, ikiwalaani wenye kuwacheza shere wale wasiopata cha kutoa illa juhudi yao. Mwenyezi Mungu aliijibia nusu pishi ya tende, kwa sababu alijua uzito wa mzigo ulioileta.

Katika zama hizi watu wa nchi nyingi wameipa juhudi hiyo sura nyingine. Mtu hujitwika taabu ya mwili, kama kwenda masafa marefu kwa miguu, au kuogelea, au kukwea mlima, na jamaa zake na majirani na wasiomjua wakatoa fedha kwa ajili ya wagonjwa kwa sababu ya taabu yake. Kilimanjaro, mlima wenye urefu wa mita 5,895, wako wanaoukwea tangu mwaka 2002 kwa kukusanya fedha za kupigana na UKIMWI. Na mwaka 2018 wanawake sita wenye ualbino, kutoka nchi mbalimbali za Afrika, waliukwea ili dunia iwaone na kuwasikia.

Lakini khabari iliyo karibu zaidi na makusudio haya ni ya wazee wawili. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipofunga milango ya dunia, alikuwako Uingereza mzee jina lake Tom Moore. Alizaliwa mwaka 1920, na katika vita vikuu vya pili alikuwa askari katika Bara Hindi na Burma, nchi ile ile waliyopigana askari wengi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 2018 alivunjika nyonga, na tena alitibiwa saratani ya ngozi. Matabibu na wauguzi wa hospitali za serikali walimtunza mpaka akainuka, na wema wao haukumtoka moyoni. Alipokaribia kutimiza miaka 100 akaazimia kuwalipa kwa kitu alichobakiwa nacho, nacho ni miguu yake iliyodhoofika. Akajiwekea sharti ya kwenda masafa ya mita 25 katika bustani yake mara 100, akijishikiza kwenye kiegemeo cha magurudumu, akataraji kupata pauni 1,000 kwa ajili ya mifuko inayozisaidia hospitali hizo. Masafa yote hayo kwa jumla ni kilomita mbili na nusu. Kijana wa Mombasa au wa Unguja huyaenda kila siku wala asiyahesabu. Lakini watu waliangalia hali ya mwenye kwenda, hawakuangalia urefu wa njia. Akamaliza Aprili 16, na fedha zilipohesabiwa zilikaribia pauni milioni 33. Alikufa Februari mwaka 2021.

Khabari yake ilipoenea, ilimfikia Mwislamu mmoja wa London, Dabirul Islam Choudhury, mzaliwa wa upande wa Sylhet, aliyehamia Uingereza mwaka 1957. Naye alikuwa na miaka 100. Ilikuwa ni mwezi wa Ramadhani. Mzee yule akaingia katika bustani ya jumuiya, yenye masafa ya mita 80, akaizunguka siku baada ya siku hali amefunga, hata akatimiza mara 970, nazo ni karibu kilomita 78. Zikapatikana zaidi ya pauni 400,000 kwa ajili ya walioteswa na maradhi yale, Uingereza na Bangladesh na kwingineko. Hakusema kwamba mfano wa kwanza ni wa asiyekuwa Mwislamu, basi haufai kufuatwa. Na Mtume (S.A.W.), kabla ya utume, alihudhuria mapatano ya Makureshi ya kuwatetea waliodhulumiwa, na baada ya Uislamu alisema kwamba lau angaliitwa kwa mfano wake, angaliitika. Kheri ni kheri, na Mwislamu ana haki nayo popote aionapo.

Juu ya jambo hili wako watakaouliza maswali matatu, nayo ni maswali ya haki, yapasa kujibiwa.

La kwanza, watauliza: Je, hii siyo kujiadhibu, na dini imekataza? Jawabu ni kwamba kujiadhibu kumekatazwa kweli. Bukhari amepokea kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alipokuwa akikhutubu alimwona mtu amesimama juani. Akauliza khabari yake, akaambiwa ni Abu Israili, ameweka nadhiri ya kusimama asiketi, wala asiingie kivulini, wala asiseme, na kwamba afunge. Mtume akaamrisha kwamba na aseme, na aingie kivulini, na aketi, na aitimize saumu yake. Tena alimwona mzee anayekokotwa baina ya wanawe wawili, kwa kuwa ameweka nadhiri ya kwenda kwa miguu mpaka Alkaaba. Mtume akasema kwamba Mwenyezi Mungu hana haja ya mtu huyu kuiadhibu nafsi yake, akamwamrisha apande mnyama.

Hadithi hizi mbili ni mizani. Abu Israili aliambiwa ayaache mambo matatu yasiyomfaa yeye wala mtu mwingine, na akaambiwa alitimize la nne lililo ibada. Taabu yenyewe haina thawabu. Thawabu imo katika kheri ambayo haifikiwi illa kwa kuipitia taabu. Mwenye kusimama juani ili ateseke ameambiwa aingie kivulini. Mwenye kutembea juani ili amtafutie mwenziwe kivuli, huyo ni katika jamaa ya wale waliobeba mizigo Madina. Walakini mwili nao una haki juu ya mwenyewe. Kwa hivyo mgonjwa wa moyo asijitie katika mbio, na asiyejua kuogelea asijitupe mkondoni, na wala watu wasipange matembezi ya kuwaokoa walioungua na jua kwa kuwaunguza wengine saa ya adhuhuri. Wakati wake ni baada ya Sala ya Alfajiri, au baada ya Alasiri, ili na mwenye ualbino apate kutembea pamoja nao. Na taabu yo yote itakayompitisha mtu wakati wa Sala, kuiacha ni bora kuliko kuitenda.

La pili, watauliza: Je, hii siyo ria, maana sadaka bora ni ya siri? Ni kweli kwamba katika Sura ya Bakara Mwenyezi Mungu ameisifu sadaka ya dhahiri, kisha akaifanya ya siri kuwa bora. Lakini yako mambo hayasimami illa yakionekana. Muslimu amepokea kwa Jariri (R.A.) kwamba walifika Madina watu wa Mudhari, miguu mitupu, wamejivika vitambaa vya sufi vilivyotobolewa shingoni. Uso wa Mtume (S.A.W.) ulibadilika alipoiona dhiki yao. Akaamrisha ikaadhiniwa, akasalisha, akakhutubu. Akainuka mtu katika Ansari na mfuko mzito ambao mkono wake ulikaribia kushindwa kuubeba, akautoa mbele ya watu. Ndipo watu wakafuatana, hata yakawa mafungu mawili ya chakula na nguo, na uso wa Mtume ukang'aa. Akasema kwamba mwenye kuanzisha mwendo mwema katika Uislamu ana thawabu zake na thawabu za watakaoufuata, pasipo wao kupunguziwa kitu. Mfuko ule mmoja, lau ungalitolewa gizani, mafungu yale mawili yasingalisimama.

Basi mwenye kutembea na aonekane miguu yake, na mwenye kuchangia na aufiche mkono wake akipenda. Dalili ya ria ni hii: mtu aulize moyo wake, kama fedha zile zile zingalipatikana kwa miguu ya mwingine, na jina lake yeye lisitajwe, angalifurahi au angalinuna? Akiona angalinuna, na aitengeneze nia yake kwanza, kisha avae viatu.

La tatu, watauliza: Je, hii siyo kamari, maana mtu huahidi kutoa kiasi fulani kwa kila maili? Kamari ni mali inayowekwa baina ya watu, huyu akashinda na yule akaliwa. Hapa hakuna anayeliwa wala anayeshinda. Iko ahadi ya sadaka, na kutimiza ahadi ni sifa ya Waislamu. Lakini watu wakiwekeana fedha baina yao juu ya nani atakayetangulia kufika, hiyo ni kamari, na haitakasiki kwa kutajiwa jina la wagonjwa.

Baada ya maswali haya liko jambo zito kuliko yote, nalo ni amana. Fedha zikikwisha kukusanywa, taabu ya miguu imekwisha, na taabu ya moyo ndiyo inaanza. Khabari ya Tom Moore ina funzo la pili lisilofaa kufichwa. Zile pauni za kwanza, karibu milioni 33, zilikwenda kwa mifuko ya hospitali kama ilivyoahidiwa. Lakini mwaka ule ule wa 2020 uliundwa mfuko mwingine kwa jina lake. Mwaka 2024 tume ya Uingereza inayosimamia mifuko ya sadaka ilitoa ripoti ya uchunguzi wake, ikaeleza kwamba baadhi ya jamaa zake hawakutenga mambo yao na mambo ya mfuko huo, wakanufaika nao. Jina lililojengwa kwa hatua za mzee wa miaka 100 likaingia doa kwa sababu ya hesabu.

Asicheke Mwislamu, kwani jambo hili Mtume (S.A.W.) alikwisha kulionya katika umma wake. Alimtuma mtu mmoja, Ibnul-Lutbiya, kukusanya Zaka. Aliporejea akasema: hizi ni zenu, na hizi nimepewa mimi zawadi. Mtume akapanda juu ya mimbari, akauliza: kwa nini asiketi nyumbani kwa baba yake na mama yake, akatazama kama zawadi hiyo ingalimfuata huko? Kisha akawakhofisha watu kwamba kila anachokichukua mtu kwa njia hiyo atakuja nacho siku ya Kiyama amekibeba shingoni, akiwa ni ngamia analia, au ng'ombe, au mbuzi. Kwa hivyo atakayekusanya fedha za wagonjwa, hata nauli anayojilipa na iandikwe, na zawadi anayopewa kwa sababu ya kazi hiyo na iingie katika mfuko. Fedha zishikwe na watu wawili au watatu wanaoaminiwa, na hesabu isomwe msikitini baada ya Sala, mbele ya waliotoa na mbele ya waliotolewa. Na ikiwa mtu ametoa Zaka yake, na itengwe, ipewe wenye kuistahiki miongoni mwa wale wanane waliotajwa katika Sura ya Tauba, isichanganywe na sadaka nyingine.

Enyi ndugu Waislamu wa pwani! Kila mji una msikiti, na kila msikiti una vijana wenye miguu yenye nguvu, ambao jioni huketi barazani wakihesabu magari yapitayo. Na katika kila mji hakosi mtoto mwenye ualbino. Haitakiwi bahari ivukwe wala Kilimanjaro ikwewe. Yatosha watu kutoka msikiti mmoja mpaka mwingine baada ya Alfajiri, kila mmoja amepata ahadi za watu kumi, na mwisho wa safari zinunuliwe kofia, na mafuta, na ipatikane nauli ya kwenda kwa tabibu wa ngozi. Kwanza na aulizwe mtoto mwenyewe na wazazi wake haja yao ni ipi, kwani sadaka isiyoulizia huenda ikamvisha mtu kofia hali ana kofia tatu, akakosa miwani. Mwalimu wa chuo na amkalishe mahali pa kivuli, karibu na ubao. Mwenye duka na ampe kazi ya ndani ya duka. Wala asiitwe jina la kumtweza, zeruzeru au jinginelo, kwani katika Sura ya Hujurati Mwenyezi Mungu amekataza kuitana kwa majina mabaya, na katika Sura ya Rum ameihesabu tafauti ya rangi za watu kuwa ni katika ishara zake. Mwenye kuicheka rangi ameicheka ishara.

Na ikumbukwe siku ambayo jua litasogezwa karibu na viumbe, kila mtu azame katika jasho lake kwa kadiri ya amali yake. Siku hiyo hapana mwembe, wala baraza, wala kofia, wala kivuli illa kivuli alichokiweka Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) amewataja watu saba watakaotiwa katika kivuli hicho, na mmoja wao ni yule aliyetoa sadaka akaificha, hata mkono wake wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Na imepokewa tena kwamba kila mtu atakuwa katika kivuli cha sadaka yake mpaka watu wakwishe kuhukumiwa. Basi mwenye kumpatia mwenziwe kivuli leo, katika jua hili linalotua magharibi kila siku, anajijengea chake kwa siku isiyokuwa na magharibi. Na mwenye kumwacha mwenziwe aungue, hali ana uwezo wa kumkinga, na ajiulize siku hiyo atasimama wapi.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu na wa watu wote, awakinge wadhaifu na madhara ya jua, aitakase nia ya kila mwenye kutembea na mkono wa kila mwenye kutoa, na awalinde washika amana na khiyana ya nafsi zao. Na awatie waja wake katika kivuli chake, siku ambayo hapana kivuli illa chake. Amin.

Wabillahi ttaufiq.